Kabla hujachomwa hiyo sindano ya seli shina kwenye goti

Familia yetu ina magoti mabovu, hilo niliseme mapema ili usidhani naandika hii kitu kwa sababu nimekosa kazi. Mama ana goti la kulia ambalo akilikunja unalisikia likikwaruza mpaka sebuleni, na shangazi yangu yule wa Tanga akiamka asubuhi vidole vimevimba na kukakamaa, kufunga vifungo vya blauzi lazima amuite mjukuu. Kwa miaka mingi dawa zao zilikuwa zilezile za kila nyumba, bamia kwa wingi eti irudishe ute, supu ya kongoro ile nzito inayoganda ikipoa, na diklofenaki ya duka la dawa ambayo Mama aliimeza bila hata kuhesabu mpaka tumbo likaanza kumuunguza. Sasa hivi ushauri umepanda daraja. Kwenye grupu la familia haipiti wiki mtu hajarusha video ya seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine, mara mzee wa Kizungu anatupa magongo, mara mchoro wa goti linajijaza lenyewe mpaka linang'aa.

Mimi sio daktari. Nilisomea maabara, kazi yangu ni sampuli za damu, na usiku usingizi ukigoma nasoma tafiti za watu. Kwenye hili la viungo nimesoma nyingi kuliko zinazonihusu, maana shangazi alinipigia simu, nikamwamkia, hata hajamaliza marahaba akaniuliza: "Baba, hizo seli wanazozibadilisha vinasaba, zitanifaa mimi au ndio mambo ya wajukuu zako?" Shangazi alikuwa mwalimu, ukimjibu juujuu anakurudisha nyuma kabisa. Kwa hiyo jibu langu likawa refu, na ndio hili.

Kwanza watu wanachanganya magonjwa mawili. Mama ana goti lililosagika, yaani gegedu, ile ngozi nyeupe laini inayofunika ncha za mifupa, imelika mpaka mfupa unakutana na mfupa. Shangazi ana baridi yabisi, ambayo ni kinga yake mwenyewe ya mwili imegeuka kushambulia utando wa ndani wa viungo. Kwa mtu wa nje yote ni "miguu inauma, mikono inauma", ila chanzo ni tofauti. La Mama ndio la wengi mno, Shirika la Afya Duniani lilihesabu watu milioni 528 mwaka 2019 wenye ugonjwa huo wa viungo kusagika, na kati yao milioni 365 ni magoti. Wengi ni wanawake. Wala sishangai, kamuangalie mama yeyote wa miaka 60 anavyoshuka kwenye daladala.

Hilo gegedu lenyewe ni kitu cha ajabu kidogo. Lina unene wa milimita chache tu, sehemu kubwa yake ni maji, na yaliyobaki ni nyuzi za kolajeni na protini nyingine zinazoyashika hayo maji yasikimbie. Seli ni chache sana, asilimia chache tu ya ujazo wote, zimetawanyika kila moja kivyake. Halina mishipa ya damu. Halina neva. Ukijikata mkono damu inaleta seli za kuziba na chakula chao, ila gegedu likipasuka hamna anayekuja, na kwa kuwa halina neva hata hujui, unaendelea kutembea juu yake miaka na miaka, na siku ukianza kusikia maumivu ujue ni jirani zake wanaolalamika, mfupa wa chini na ule utando. William Hunter, daktari wa Uskoti aliyekuwa akifanya kazi London, aliandika mwaka 1743 kwamba gegedu likishaharibika halirudi tena. Karibu miaka mia tatu sasa na kwa kiasi kikubwa mzee bado yuko sahihi, hilo ndilo linaloniudhi.

Sio kwamba watu hawajajaribu. Mwaka 1994 kundi la Gothenburg kule Sweden, wakina Mats Brittberg na Lars Peterson, walichapisha kazi yao ya kuchukua kipande kidogo cha gegedu la mgonjwa mwenyewe, wakazikuza seli maabara mpaka zikawa nyingi, wakazirudisha kwenye shimo la goti. Ilifanya kazi vizuri tu kwa baadhi ya watu, na mpaka leo kuna matibabu yaliyotokana na wazo hilo, Marekani waliruhusu toleo la kwanza mwaka 1997 na jingine jipya Desemba 2016. Ila soma vizuri ni kwa ajili ya nani. Kijana aliyeumia mpirani, shimo moja, goti lililobaki liko safi. Mama yangu hayumo humo. Kwake hamna shimo, ni sakafu nzima imeondoka.

Na hapa ndipo penye jambo ambalo video za WhatsApp hazisemi. Tatizo la goti la Mama, na zaidi la vidole vya shangazi, sio tu kwamba seli zimepungua. Ni kwamba mle ndani kunawaka. Kuna protini za kengele, mbili maarufu ni TNF na interilukini-1, zinazopiga kelele mfululizo, na seli za gegedu zikizisikia zinaacha kujenga na kuanza kutoa vimeng'enya vinavyokata kolajeni. Yaani seli ileile iliyopewa kazi ya kutunza gegedu inalitafuna. Sasa wewe chukua seli mpya, nzuri, za bei mbaya, zimwage mle. Zitasikia kengele zilezile. Kwa maoni yangu hili ndilo swali lote la tiba ya viungo: sio utapanda nini, ni utapandaje sehemu inayowaka moto na moto wenyewe hujauzima.

Dawa za kuzima zipo. Infliksimabu, etanasepti na adalimumabu zinazuia TNF na zimetumika tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, zimewaokoa watu wengi wenye baridi yabisi, hilo tusilibeze. Shida yake ni kwamba ukichomwa dawa inatembea mwili mzima, asubuhi na usiku, kidole kikiwa kimevimba au kimetulia. Na TNF hatukupewa kwa bahati mbaya. Ndiyo inayosaidia kuwazingira bakteria wa TB waliolala kwenye mapafu wasiamke. Ukiizima kote, TB iliyolala inaweza kuamka, na hili ni jambo linalojulikana kabisa mpaka kumpima mgonjwa TB kabla ya kuanza dawa hizo ni utaratibu. Sasa mtu wa Denmark analisoma hilo kwenye karatasi ya dawa na kugeuza ukurasa. Sisi Tanzania, Kenya, Uganda, Kongo tuliwekwa kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya 2021 hadi 2025 ya nchi zenye mzigo mkubwa wa TB. Kwetu sio maandishi madogo.

Kwa interilukini-1 nako kuna kizuizi, tena mwili wenyewe unakitengeneza, na kuna dawa inayofanana nacho inaitwa anakinra. Mgonjwa anachomwa kila siku kwa sababu inaondoka mwilini ndani ya saa chache tu. Kila siku sindano, maisha yote. Nilipomwambia shangazi alicheka akasema yeye hata metotreksate, dawa yake ya baridi yabisi ya mara moja kwa wiki, anaisahau.

Ndio nikafika kwa Farshid Guilak. Huyu ni profesa Chuo Kikuu cha Washington, kile cha St. Louis, Missouri, na maabara yake iko pia na hospitali ya watoto ya Shriners ya hapohapo St. Louis. Mwaka 2016 yeye na wenzake walionyesha kitu ambacho nikakisoma mara mbili. Walifuma kiunzi cha nyuzi zinazoyeyuka taratibu mwilini, wakakipa umbo la kichwa cha nyonga, kile cha mviringo, wakakijaza seli shina zilizotolewa kwenye mafuta ya watu, mafuta ya kawaida ya chini ya ngozi. Seli zikatengeneza gegedu juu ya kiunzi. Ila kabla ya hapo walikuwa wameziwekea jeni, yaani maelekezo ya kutengeneza kile kizuizi cha interilukini-1, na jeni hiyo ina swichi, na swichi yenyewe ni doksisaiklini. Doksi! Hii hii doksi ya vidonge unayoijua. Ukiiweka doksi seli zinatoa dawa, ukiitoa zinaacha. Hapo nikakaa vizuri, maana ni mara ya kwanza kuona mtu anapanda gegedu na kizima moto chake ndani kwa pamoja.

Mwaka uliofuata wakaiondoa doksi. Na hapa naomba uvumilivu, nataka uone ilivyofanyika maana ndio utamu wa hadithi nzima.

Walianza na mkia wa panya. Wakachukua seli za ngozi ya mkia, wakazirudisha utotoni zikawa seli shina zenye uwezo wa kuwa karibu kitu chochote, njia ambayo Shinya Yamanaka wa Japani aliigundua 2006 na kupewa Nobeli mwaka 2012. Alafu wakachukua CRISPR, mkasi ule wa kukata vinasaba mahali unapotaka. Swali likawa, ukate wapi? Wakachagua jeni moja inaitwa Ccl2. Kazi ya Ccl2 kwa kawaida ni kuita askari wa kinga, TNF ikipanda seli inawasha Ccl2, askari wanajaa, uvimbe unaongezeka. TNF ikishuka, Ccl2 inalala. Kumbe seli tayari ina kipimo cha moto, kinachopanda na kushuka chenyewe, haikuhitaji kubuniwa upya. Wao wakaichomeka hapo hapo jeni nyingine, inayotengeneza protini ya kunasa TNF na kuitoa kwenye mzunguko. Kwa hiyo kengele ikipigwa, seli inataka kuita askari kama ilivyozoea, na badala yake inatoa dawa. Dawa inapunguza TNF, TNF ikipungua swichi inajizima, dawa inakatika. Moto ukirudi, inaanza tena. Hakuna kidonge, hakuna sindano, hakuna mtu wa kukumbuka Jumatatu. Walizitia pia jeni ya kung'aa ili waone kwa macho ni saa ngapi zinaitikia.

Kiongozi wa kazi hiyo ya 2017 alikuwa Jonathan Brunger, na Charles Gersbach wa Chuo Kikuu cha Duke alikuwepo, bingwa wa mambo ya kuhariri jeni. Wakazipa hizo seli jina la SMART. Mimi jina halinisumbui, kinachonivutia ni kwamba waliweka nguvu kwenye kunyamaza. Watu wengi wakisikia seli za kuhaririwa wanawaza seli yenye nguvu zaidi, inayojenga zaidi, inayoota haraka. Hii sifa yake ni kujua kuacha. Na ukirudi kwenye TB ya kwetu unaona mara moja kwa nini inanihusu: dawa inayotoka tu pale panapowaka, kwa muda ule panapowaka, inaacha mapafu ya mtu na ulinzi wake. Hilo bado ni tumaini langu, hakuna aliyelithibitisha kwa binadamu, ila ni tumaini lenye miguu.

Mwaka 2021 likaja la panya wenye ugonjwa kabisa. Walitengeneza vipande vidogo vya gegedu la seli zilizohaririwa kwenye kile kiunzi cha kufumwa, safari hii zikitoa kizuizi cha interilukini-1, wakavipandikiza chini ya ngozi ya panya, sio kwenye kiungo, chini ya ngozi tu. Alafu panya wakapewa baridi yabisi. Uvimbe ukapungua, dalili za maumivu zikapungua, na mifupa haikuliwa kama ilivyoliwa kwa panya wengine. Hilo la mifupa ndilo lililonifanya nimtumie shangazi ujumbe saa tano usiku, maana vidole vyake vinavyopinda ni mifupa inayoliwa pembeni, na mfupa ukishaliwa dawa haiurudishi.

Mwaka huohuo maabara hiyohiyo ikatoa lingine kwa ajili ya akina Mama. Seli za gegedu zina mlango mmoja kwenye ngozi yake, unaitwa TRPV4, unaofunguka gegedu linapobanwa, yaani unapokanyaga. Wakaufunga kwenye jeni ya dawa, kwa hiyo gegedu likielemewa linatoa kizuizi. Fikiria goti linalojitibu kwa kupanda ngazi. Najua, najua, ni la sahani za maabara. Ila wazo tamu mno bana.

Sasa nirudi chini kidogo, maana nikiendelea hivi utadhani nauza.

Kuweka jeni kwenye kiungo cha binadamu sio jambo la juzi. Julai 1996, Pittsburgh, Christopher Evans na Paul Robbins na timu yao walianza jaribio kwa wanawake tisa wenye baridi yabisi. Walitoa seli za utando wa kiungo, wakaziwekea jeni ya kizuizi cha interilukini-1 kwa kutumia virusi vilivyopunguzwa makali, wakazichoma kwenye viungo vya vidole. Ujanja wao ulikuwa huu: wanawake hao tayari walikuwa wamepangiwa kubadilishiwa viungo hivyo hivyo kwa upasuaji, kwa hiyo baada ya wiki moja viungo vikatolewa na watafiti wakaviangalia ndani kama jeni inafanya kazi. Ilikuwa inafanya kazi. Wiki moja, vidole, wanawake tisa. Evans baadaye akahamia Mayo Clinic na bado yuko kwenye njia ileile, safari hii kwa magoti. Hesabu mwenyewe ni miaka mingapi. Mtu akikuambia "mwakani itakuwa hospitali zote", mkumbushe 1996.

Na kuna kifo kwenye hii historia, sitaki kukificha. Mwaka 2007 mwanamke mmoja wa Illinois alifariki akiwa kwenye jaribio la tiba ya jeni ya goti lenye baridi yabisi. Jaribio likasimamishwa. Uchunguzi ukakuta fangasi wa histoplasma wameenea mwilini, na alikuwa pia anatumia dawa ya kuzuia TNF kwa ugonjwa wake, wataalamu walioitwa kulipitia wakaona jeni ile haielekei kuwa ndiyo iliyomuua. Soma tena hapo kwenye dawa ya kuzuia TNF. Ni lile lile la TB kwa sura nyingine.

Alafu kuna Korea Kusini, na hii lazima niikalie.

Julai 2017 serikali ya Korea Kusini iliruhusu sindano ya goti iitwayo Invossa, ya kampuni ya Kolon. Ilisifiwa kuwa tiba ya kwanza duniani ya seli zenye jeni iliyoongezwa kwa ajili ya goti lililosagika. Hazikuwa seli shina, tuwekane sawa, zilitangazwa kuwa seli za gegedu za mchangiaji, zilizotoka kwenye kidole cha ziada cha mtoto aliyezaliwa na vidole zaidi ya vitano. Sindano ilikuwa na makundi mawili, sehemu tatu seli za gegedu za kawaida, sehemu moja seli zilizowekewa jeni ya TGF-beta 1, protini inayohimiza ukuaji, na hizi za pili zinapigwa mionzi kwanza ili zisije zikazaana ndani ya goti. Watu zaidi ya 3,000 wakachomwa.

Mwaka 2019, wakati kampuni inajiandaa kwa majaribio makubwa Marekani, zile seli za kundi la pili zikapimwa utambulisho wa vinasaba, kipimo cha STR, ndugu yake na kile cha kutafuta baba wa mtoto. Majibu yakaja: sio seli za gegedu. Ni seli za figo. Ni ukoo wa seli uitwao GP2-293, uliotokana na seli za figo ya kijusi zilizokuzwa Uholanzi miaka ya 1970, ambazo maabara nyingi zinazitumia kutengenezea virusi vya kubebea jeni. Maelezo ya kampuni yakawa kwamba ndizo zilizotumika kutengeneza virusi vya kubeba ile TGF, zikachanganyikana, zikazaana kuliko wenyeji mpaka wenyeji wakaisha. Na haikuwa chupa moja iliyoharibika, ilikuwa hivyo tangu majaribio yanaanza. Miaka yote madaktari wanachoma, wagonjwa wanashukuru, karatasi zimeandikwa gegedu, ndani ni figo.

Mei 2019 Korea ikafuta kibali. Marekani wakasimamisha majaribio mwezi huohuo, wakayaruhusu kuendelea Aprili 2020, na humo ndani kuna mabishano marefu, kampuni ikisema dawa ni ileile iliyopimwa kwa usalama tangu mwanzo, jina tu ndilo lililokosewa. Ukitulia utaona hoja ina kaukweli fulani, kilichopimwa kwa watu kilikuwa hichohicho. Ila mimi mtu wa maabara hapo nywele zinanisimama. Sisi tukikosea lebo ya chupa ya damu ya mtu mmoja tunaandika ripoti na kuitwa ofisini, na hii ni dawa ya nchi nzima. Kipimo cha STR sio cha anga za juu, kilikuwepo muda wote huo. Wagonjwa wale waliahidiwa kufuatiliwa kwa miaka 15, kwa hiyo kuna watu Seoul leo wanaendelea kupigiwa simu kuhusu magoti yao.

Mpaka hapo nilikuwa nasema seli zilizohaririwa. Zile zinazouzwa sasa hivi mitaani, Dubai, India, na kwenye mabango ya kwetu, kwa kawaida hata hazijahaririwa. Ni seli za mafuta yako au uboho wako, ile nyama laini ya ndani ya mfupa inayotengeneza damu, au za kitovu cha mtoto, zinachujwa, unachomwa. Hizo nazo zimepimwa vizuri: mwaka 2023 yalitoka matokeo ya jaribio la Marekani lenye wagonjwa zaidi ya 470 wa goti, uboho, mafuta na kitovu vyote vikilinganishwa na sindano ya kawaida ya steroidi, ile ya bei ndogo. Baada ya mwaka mmoja hakuna iliyoishinda steroidi kwa maumivu. Wagonjwa wa pande zote walipata nafuu kiasi. Mtu atasema binamu yake alipona. Sawa, na yule wa steroidi naye alipata nafuu.

Na usinichanganyie na selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Ni kweli kwamba seli shina zilizohaririwa kwa CRISPR zimeshaingia hospitalini, Uingereza iliruhusu tiba yake iitwayo Casgevy Novemba 2023 na Marekani ikafuata Desemba, na nchi yetu ni kati ya zile zinazozaa watoto wengi zaidi wenye ugonjwa huo, na wengi wao nyonga zinakufa kwa kukosa damu kwa hiyo viungo vinahusika humo pia. Lakini hiyo ni damu. Unazitoa seli, unazihariri, unamfuta mtu uboho kwa dawa kali, unazirudisha, na bei iliyotangazwa Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mtu mmoja. Kwa selimundu inayoua watoto watu wanaweza kubeba hatari hiyo. Kwa goti? Mtu haumwi goti mpaka akubali kufutwa uboho. Ndio maana usalama wa tiba za viungo lazima uwe wa juu zaidi, sio chini. Seli shina za aina ya Yamanaka zikiachwa bila kukomazwa kwanza zinaota uvimbe, tena kuziweka kwenye panya na kuona kama zinaota uvimbe ndio njia mojawapo ya kuthibitisha kwamba ni zenyewe. Mkasi nao unaweza kukata mahali pengine. Haya ni mambo ya kufanyiwa kazi, hayanikatishi tamaa, ila siwezi kuyaruka kisa video ina muziki mzuri.

Binamu yangu alituma bango la kliniki moja ya hapa Dar, siitaji, goti moja kwa bei ambayo ukiongeza kidogo unapata bodaboda mpya. Nikawaandikia kwa adabu kabisa. Seli ni za nani, za mgonjwa au za mchangiaji? Zimepimwa utambulisho wapi, na cheti naweza kukiona? Mgonjwa akipata tatizo baada ya miaka mitatu, nani ana faili lake? Wakanijibu kwa sauti, dada mwenye sauti nzuri sana: "Kaka yangu, karibu ofisini tuongee, mwezi huu tuna ofa, ukileta wazazi wawili tunapunguza." Nikaituma ile sauti kwenye grupu. Kimya. Alafu Mama akaandika, "Wazazi wawili magoti manne, waulize punguzo ni la wapi."

Mama ameacha diklofenaki ya kujinunulia, anafanya mazoezi ya misuli ya paja aliyopewa na mtu wa viungo, anakaa kwenye kiti ananyoosha mguu huku taarifa ya habari inaendelea, na analalamika kila siku na kila siku anafanya. Ikifika pa kubadilisha goti, taasisi ya mifupa ya MOI pale Muhimbili wanabadilisha, na goti la chuma angalau tunajua ni chuma. Nilimwambia hizo seli za St. Louis ni za panya kwa sasa. Akasema basi panya wapone kwanza.

Shangazi yeye daktari wake anafikiria kumuanzishia dawa ya kuzuia TNF kwa sababu metotreksate peke yake haishiki tena, na amemuandikia kipimo cha TB kwanza pamoja na picha ya kifua. Nimemwambia asiwaache mpaka awaeleze kwamba marehemu mjomba aliugua TB wakiwa nyumba moja, chumba kimoja, na kwamba yeye mwenyewe hakuwahi kupewa dawa za kinga wakati ule. Kipimo ni Alhamisi.